Ndani ya chumba cha jopo kuu hakuna jaji na hakuna wakili wako

Kila ikitoka habari kwamba fulani kashtakiwa na jopo kuu hapa Marekani, magrupu ya WhatsApp yanawaka moto, na ndani ya nusu saa mtu keshahukumiwa, keshafungwa, watu wanahesabu atatoka akiwa na umri gani. Nimeliona hilo kwa wanasiasa wao, nimeliona kwa watu wetu wa pwani, na juzijuzi nimeliona kwa kijana wa jumuiya yetu hapa tunapoishi ambaye wala hakushtakiwa, aliletewa samansi tu aende akatoe ushahidi, lakini watu wakaanza kumkwepa hadi msibani. Mama yake akanipigia simu analia anauliza "sasa mwanangu watamfunga lini?" Nilichoka kabisa. Ndo maana nimekaa kuandika hii, ndefu kidogo mtanivumilia, maana hiki kitu kinaitwa grandi juri, au jopo kuu kama redio zetu zinavyosema, kinagusa maisha ya watu wetu na wengi hatujui ndani yake kunafanyika nini.

Tuingie chumbani kwanza. Kwenye mahakama za serikali kuu ya Marekani wanakaa raia kati ya 16 na 23, watu wa kawaida kabisa waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya majina kutoka eneo hilo, nesi, fundi bomba, mwalimu mstaafu, dereva wa basi. Hawakai kwa kesi moja kisha wakaondoka kama wale wazee wa mahakama mnaowaona kwenye sinema, yaani raia wanaoamua kwenye kesi yenyewe kama mtu ana hatia, hawa wanaweza kuitwaitwa kwa miezi hadi 18 na hata kuongezewa, na kwa siku moja wanaweza kusikiliza kesi za watu tofauti tofauti mfululizo. Anaingia wakili wa serikali, analeta shahidi wake, mara nyingi ni yule yule afisa aliyepeleleza, afisa anasimulia, yupo mtu wa kurekodi kila neno, na kama shahidi hajui Kiingereza anaruhusiwa kuwepo mkalimani. Basi. Jaji hayumo. Wakili wa mtuhumiwa haruhusiwi kuingia. Mtuhumiwa mwenyewe hayupo, na mara nyingi hana hata habari kwamba jina lake linatajwa pale. Wakishamaliza wote wanatoka nje wanabaki wale raia peke yao, wanajadili, wanapiga kura, na wakipatikana 12 wanaosema ndio, hati ya mashtaka inasainiwa na kiongozi wao na mtu keshakuwa mshtakiwa.

Na swali wanaloulizwa sio "je, huyu kafanya?" Hapana. Wanaulizwa kama kuna sababu za kutosha kuamini kwamba kosa limetendeka na kwamba inawezekana ni huyu. Hicho ni kizingiti cha chini sana ukilinganisha na kesi yenyewe, ambako wazee wa mahakama 12 lazima wakubaliane wote na lazima pasibaki shaka ya maana. Kwahiyo ukisikia "jopo kuu limemshtaki" unachotakiwa kuelewa ni kwamba raia wasiopungua 12 wamesikia upande mmoja wakaona kuna hoja ya kwenda kusikilizwa. Ni kama kikao cha kusuluhisha ndoa ambacho kaitwa mume peke yake, akaeleza weee akamaliza, wazee wakasema haya kuna tatizo hapa, mwiteni na mke.

Huo upande mmoja wenyewe Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya juu kabisa, imeubariki tena na tena. Mwaka 1956, kwenye kesi ya Costello, ilisema mashtaka yanasimama hata kama ushahidi wote ulioletwa mbele ya jopo ni wa kuambiwa, yaani afisa anasema nilimsikia fulani akisema. Mwaka 1974, kesi ya Calandra, ikasema hata ushahidi uliopatikana kwa upekuzi usio halali, ambao kwenye kesi yenyewe ungetupwa nje, kwenye jopo shahidi anaweza kuulizwa maswali kuhusu huo huo. Alafu ikaja ya 1992, kesi ya Williams, na hii ndo inaniuma zaidi, mahakama ikasema wakili wa serikali halazimishwi na sheria kulionyesha jopo ushahidi unaomsafisha mtuhumiwa, hata kama anao mkononi. Soma tena hapo. Ana karatasi inayoonyesha huenda jamaa hakufanya, na akiamua kutoitoa, mashtaka hayafutwi kwa sababu hiyo. Majaji wanne kati ya tisa walipinga, wakashindwa. Wizara ya sheria ina mwongozo wake wa ndani unaowataka mawakili wake waonyeshe ushahidi mzito wa namna hiyo, lakini wakiukiuka huo mwongozo mshtakiwa hana pa kushika.

Ndo maana takwimu zao ziko vile zilivyo. Mwaka 2010 mawakili wa serikali kuu waliendesha kesi kama 162,000 hivi, na majopo makuu yaliyokataa kushtaki yalikataa mara 11. Kumi na moja! Mtu anaweza kusema labda mawakili wa serikali wanaleta kesi nzuri tu ndo maana, na kweli kwa sehemu ni hivyo, kesi dhaifu nyingi wanaziacha wenyewe kabla hazijafika huko. Lakini mimi naamini raia ukiwaletea simulizi la mtu mmoja kwa miezi, hamna wa kumpinga, wanamzoea wakili wa serikali, wanamuamini, wanakunywa naye kahawa asubuhi, basi ndio inatoka yenyewe.

Sasa sisi inatuhusu vipi? Inatuhusu sana. Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa mashtaka ya dawa za kulevya ambayo tayari yalikuwa yameshapitishwa New York, yaani raia wa jiji lile, ambao pengine Mombasa hawajawahi kuiona hata kwenye ramani, walikuwa wameshakaa wamesikia wamepiga kura, na hati ikawekwa chini ya siri mpaka watu wakamatwe. Huko kufungia hati kunaruhusiwa kabisa. Kenya kesi ya kuwahamisha ikavutana zaidi ya miaka miwili, kisha Januari 2017 wakapandishwa ndege. Watu wa Mombasa waliuliza sana hivi hao waliowashtaki ni akina nani na kwanini majina yao hayatajwi. Jibu ndo hili ninalolieleza, ni raia, na majina yao kwenye mahakama za serikali kuu hayatolewi. Ndugu hao baadaye walikiri makosa wenyewe Oktoba 2018, mmoja akapewa miaka 25 na mwingine 23, kwahiyo pale mashtaka na mwisho wa kesi vilikutana.

Ila haikutani siku zote, na mfano mkubwa nao ni wa kwetu. Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari, alishtakiwa New York kwa ulipuaji wa balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, watu 224 walikufa, nani wa kizazi chetu asiyekumbuka siku ile. Mashtaka yake yalikuwa zaidi ya 280. Kesi ilipofika mbele ya wazee wa mahakama mwaka 2010, pamoja na kwamba jaji alimkatalia mwendesha mashtaka shahidi mmoja muhimu kwasababu jina lake lilipatikana kwa Ghailani kuteswa mikononi mwa CIA, hukumu ikatoka: ana hatia kwa kosa moja tu. Moja. Mengine yote hana hatia. Hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha Januari 2011, na simtetei hapa hata kidogo, waliokufa pale Nairobi na Dar ni watu wetu. Nachosema ni kwamba mashtaka yote yale zaidi ya 280 yalipita kwenye jopo kuu, na ushahidi ulipojibiwa na upande wa pili likabaki moja.

Tatizo sio kwamba kitu hiki kilianzishwa kwa ubaya. Kinaanzia mbali, mfalme Henry II wa Uingereza mwaka 1166 aliamuru watu 12 wa kila eneo wataje waliotuhumiwa kwa uhalifu kwao, hapo kilikuwa mkono wa mfalme. Kadri miaka ilivyokwenda kikageuka ngao. Mwaka 1681 mfalme Charles II alitaka Earl wa Shaftesbury ashtakiwe uhaini, jopo la London likagoma. Mwaka 1734 gavana wa New York alitaka mchapishaji wa gazeti John Peter Zenger ashtakiwe kwa kumkashifu, jopo likagoma, ikabidi wamshtaki kwa njia nyingine ya kulikwepa jopo na mwaka uliofuata akaachiwa huru. Wamarekani wakakipenda kwa sababu hiyo, wakakiandika kwenye Marekebisho ya Tano ya katiba yao mwaka 1791, kwamba hakuna mtu atakayejibu kosa kubwa la jinai bila kupitia jopo kuu. Uingereza wenyewe walikiacha mwaka 1933. Kwa Afrika, Liberia bado wanacho, walikirithi kwa Wamarekani. Kwetu Kenya na Tanzania Mwingereza hakutuachia, kwetu ni ofisi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka, inaamua nani ashtakiwe na nani aachwe, na wabongo mnajua vizuri maana ya kupandishwa kizimbani leo alafu miaka inapita unaambiwa upelelezi haujakamilika. Kwahiyo sisemi sisi tuna mfumo bora. Mtu aliye rumande pale Keko au Segerea angefurahi raia hata 12 wangeulizwa kwanza.

Na kwa majimbo ya Marekani kila moja lina lake, kwasababu mwaka 1884 mahakama kuu iliamua kwenye kesi ya Hurtado kwamba majimbo hayalazimiki kutumia jopo kuu. Karibu nusu yanalazimisha kwa makosa makubwa, mengine mwendesha mashtaka anaweza kupeleka kesi kwa jaji kwenye usikilizwaji wa awali, na pale angalau wakili wako anakuwepo na anauliza maswali. New York mtuhumiwa ana haki ya kuomba aende mwenyewe akajieleze mbele ya jopo, Donald Trump alipewa nafasi hiyo Machi 2023 kabla hajashtakiwa Manhattan, hakuitumia. Georgia majina ya wajumbe yanaandikwa kwenye hati ya mashtaka yenyewe hadharani, ndo maana wale wa kaunti ya Fulton Agosti 2023 walianza kutishiwa mtandaoni siku chache tu baada ya hati kutoka.

Sasa nije kwenye lile linalonikosesha usingizi zaidi. Mbele ya jopo wakili wa serikali akitaka mashtaka anapata, na asipoyataka, jopo hilo hilo linakuwa mahali pazuri pa kuizika kesi.

Ferguson, Missouri. Michael Brown, kijana wa miaka 18, aliuawa kwa risasi na askari Darren Wilson tarehe 9 Agosti 2014. Mwendesha mashtaka wa kaunti, Robert McCulloch, akaipeleka kesi kwenye jopo la watu 12, tisa ndo wanatosha kushtaki. Kesi ya kawaida pale inachukua muda mfupi sana, afisa mmoja anasimulia, kura, inayofuata. Hii ikachukua siku 25, mashahidi 60, saa zaidi ya 70 za ushahidi, na askari mwenyewe akaja akajieleza kwa masaa kama manne. Mawakili wa serikali hawakulipendekezea jopo shtaka lolote, walimwaga kila kitu mezani wakasema amueni nyie. Na kabla askari hajaanza kutoa ushahidi, jopo likapewa karatasi ya sheria ya jimbo kuhusu askari kutumia nguvu ambayo mahakama kuu ilikuwa imeshaibomoa tangu 1985 kwenye kesi ya Tennessee dhidi ya Garner, wakaja kusahihishwa wiki nyingi baadaye wakiwa wanakaribia kupiga kura. Tarehe 24 Novemba jibu likatoka, hakuna mashtaka, na usiku ule mji ukaungua.

Lazima niwe mkweli hapa, wizara ya sheria ya Marekani chini ya Obama nayo ilichunguza ikasema Machi 2015 kwamba ushahidi hautoshi kumshtaki Wilson na kwamba baadhi ya mashahidi waliosema Brown alikuwa kanyoosha mikono hawakuaminika. Inawezekana kabisa jibu la jopo lilikuwa sahihi kwa sheria ilivyo. Lakini swali langu linabaki pale pale, kwanini yule kijana mweusi aliyekamatwa na bastola wiki ile ile hakupewa siku 25? Kwanini yeye hakuletewa mashahidi 60 wa pande zote? Kama hivi ndivyo uangalifu unavyofanana basi wote wapewe, na kama hakuna anayepewa basi askari naye asipewe.

Louisville ndo kabisa. Breonna Taylor, mhudumu wa afya wa dharura, aliuawa nyumbani kwake usiku wa tarehe 13 Machi 2020 askari walipovunja mlango. Septemba mwanasheria mkuu wa Kentucky, Daniel Cameron, akasimama mbele ya kamera akaeleza kwamba jopo limekubali askari wawili waliofyatua walikuwa na haki ya kujihami, na askari wa tatu, Brett Hankison, anashtakiwa kwa kuhatarisha maisha ya majirani kwa risasi zilizopenya kwenye nyumba yao. Majirani! Kwa kifo cha Breonna hakuna shtaka hata moja. Nchi nzima ikadhani raia 12 wamekaa wamepima mauaji wakayakataa. Kisha mjumbe mmoja wa jopo akaenda mahakamani kuomba aruhusiwe kusema, jaji akamruhusu, na Oktoba akasema kupitia wakili wake kwamba mashtaka ya mauaji hawakuwahi kuletewa, walipouliza kuhusu mashtaka mengine wakaambiwa hayatakuwepo kwasababu waendesha mashtaka hawaoni kama yatasimama. Cameron mwenyewe alishakubali kwamba shtaka alilolipendekeza lilikuwa lile moja tu. Nikisoma ile taarifa nawaza kuhusu wale watu 12, waliokwenda kwa nia njema, wakarudi majumbani wakasikia kwenye TV wanabebeshwa uamuzi ambao hawakupewa nafasi ya kuufanya, na siri ya jopo inawafunga mdomo wasijitetee.

Usiri huo una sababu zake za maana, unamlinda mtu aliyechunguzwa akakutwa hana kitu asichafuke jina, unamlinda shahidi, unazuia mtuhumiwa kukimbia. Ila unamkinga pia mwendesha mashtaka asionekane alichokificha.

Na ngao yenyewe inaweza kumkinga mtu mbaya pia, tusijidanganye kwamba raia wakigoma basi haki imetendeka. Mauaji ya mtoto Emmett Till, miaka 14, Mississippi 1955, wale wanaume wawili walikiri kwamba walimchukua usiku kutoka nyumba ya mjomba wa mama yake, na bado Novemba ile jopo la kaunti ya Leflore likakataa kuwashtaki hata kwa utekaji tu. Miezi michache baadaye wakasimulia gazetini walivyomuua.

Mwaka 2025 nikaona kitu ambacho sikutegemea. Washington, serikali ilipojaza askari mitaani na waendesha mashtaka wakaanza kuwapeleka watu kwa makosa makubwa kwa mambo madogo, majopo yakaanza kugoma, tena sio mara moja. Jamaa aliyemrushia afisa wa mpakani sandwichi Agosti ile, jopo likakataa kumshtaki kwa kosa kubwa, wakamshusha kwenye kosa dogo na huko nako wazee wa mahakama wakamwachia. Desemba, mwanasheria mkuu wa New York, Letitia James, kesi yake ya mkopo wa nyumba ilikuwa imeshafutwa na jaji, serikali ikairudisha kwa jopo la Norfolk, likakataa, wiki haijaisha vizuri wakaipeleka Alexandria kwa jopo lingine, nalo likakataa. Ndio, sheria inawaruhusu kujaribu tena kwa jopo lingine, kukataliwa sio kuachiwa huru. Lakini mara mbili raia tofauti, miji tofauti, wamesikia upande wa serikali peke yake, hamna mtetezi chumbani, na bado wakasema hapana. Nilifurahi sana siku ile.

Narudi kwa kijana wetu na mama yake, na yeyote atakayeletewa samansi. Kuitwa kwenye jopo sio kushtakiwa. Unaweza kuwa shahidi tu, unaweza kuwa mtu ambaye mwenendo wako unaangaliwa, unaweza kuwa ndo mlengwa mwenyewe, na wakili anaweza kumpigia mwendesha mashtaka akauliza wewe uko kundi gani, kwahiyo tafuta wakili KABLA ya siku hiyo, sio baada. Wakili hataingia na wewe kwenye jopo la serikali kuu lakini atakaa mlangoni na una haki ya kuomba utoke uongee naye kisha urudi. Jibu linaloweza kukuingiza hatiani unaweza kukataa kulitoa, ila ukishapewa kinga rasmi, yaani majibu yako hayatatumika dhidi yako, huwezi tena kukataa, ukigoma jaji anaweza kukuweka ndani kwa kudharau mahakama hadi miezi 18. Usiseme uongo hata wa kumsaidia ndugu, uongo chini ya kiapo pale ni mpaka miaka mitano, na kuna watu wasio na kosa lingine walioingia jela kwa mlango huo. Omba mkalimani kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, usione aibu, neno moja ulilodhani umelielewa linaweza kukugharimu. Na sheria ya serikali kuu haimfungi shahidi mdomo, kwahiyo ukitoka unaweza kumwambia mkeo, mchungaji wako, shehe wako, kilichokukuta, japo majimbo mengine yana masharti yao na wakili wako atakwambia kama ni busara.

Na nyie mlioshaapa uraia wa Marekani, barua ya kuitwa kukaa kwenye jopo itakuja siku moja, wengi mnatafuta visingizio vya kuikwepa. Nendeni. Mle ndani mjumbe anaruhusiwa kumuuliza shahidi maswali, anaruhusiwa kuomba aletwe shahidi mwingine au nyaraka nyingine, na wengi hawajui hivyo kwasababu wanakaa kimya wanasubiri kura. Afisa akimaliza kusimulia, nyoosheni mkono muulize nani mwingine alikuwepo pale na kwanini hajaletwa.